Usikimbilie Namba 1: Namna ya Kurudi Hewani Baada ya Mstari Kukatika

Kwa ambao hamkuweza kufika Jumamosi hapa Mwanza: hii ndiyo hotuba nzima kuhusu FIX, lugha ambayo kwayo programu za madalali na masoko ya hisa hupeana oda, kama ilivyotolewa mbele ya waandishi wa programu na wasimamizi wa seva. Michoro ya ukutani tumeiacha.

Mwangaluka, ndugu zangu!

Naona mmeitikia vizuri, maana yake chai ya kwanza imeshanywewa. Kuna wenzetu wametoka Igoma na Buswelu kwa daladala, na wapo waliovuka daraja la Kigongo–Busisi asubuhi hii bila kupanga foleni ya kivuko. Karibuni nyote.

Nina jambo moja tu. Mstari kati yako na soko la hisa, au kati yako na dalali, umekatika. Dakika tatu baadaye umerudi. Je, mnaendelea na namba za ujumbe mlizoachia, au mnaanza tena na 1? Jibu langu nalitoa sasa hivi ili mwenye haraka aende zake: namba 1 ina saa yake, na saa hiyo si katikati ya biashara.

Kwa wageni wa itifaki ya FIX, maneno machache. Ilianza Marekani mwaka 1992 kati ya Fidelity Investments na Salomon Brothers, waliokuwa wakipeana oda za hisa kwa simu. Ni maandishi matupu: namba ya tegi, yaani lebo ya kila kipande cha ujumbe, alama ya sawasawa, thamani, kisha herufi isiyoonekana ya kutenganisha. Tegi 35 ni aina ya ujumbe, 49 ni mtumaji, 56 ni mpokeaji, 52 ni saa ya kutuma. Na 34 ni namba ya mfuatano, ndiyo iliyotukutanisha hapa.

Sasa twendeni Mwaloni Kirumba. Chukulieni mama mmoja mnunuzi wa dagaa. Ana mtu wake Nansio, Ukerewe, anayempakilia magunia kwenye boti. Kila mzigo unakuja na kikaratasi chenye namba: 1, 2, 3. Mama naye kila akituma maagizo anaandika kikaratasi chake, nacho kina namba zake: 1, 2, 3. Je, hapo kuna daftari moja? Hakuna. Mama anatunza hesabu mbili: kikaratasi nitakachotuma kitakuwa namba ngapi, na kikaratasi ninachosubiri ni namba ngapi. Mtu wa Nansio naye anatunza mbili. Watu wawili, namba nne.

Shika hiyo: namba nne. Mtu akikwambia "namba imepotea", muulize ipi kati ya nne.

Kwenye QuickFIX ya C++, programu inayotuendeshea mazungumzo ya FIX, fungua faili linaloishia na .seqnums utaona mstari kama huu: 0000000416 : 0000000868. Kushoto ni namba utakayotumia kwenye ujumbe wako ujao. Kulia ni namba unayoisubiri kutoka kwa mwenzako. Nitazitumia hizi mbili mpaka mwisho, kwa hiyo mwenye kalamu aziandike: 416 na 868.

Na msidhani namba zinaliwa na oda peke yake. Ujumbe wa kuingia, 35=A, unakula namba. Wa kuaga, 35=5, unakula namba. Mapigo, ule ujumbe mfupi wa kuonyesha kuwa bado upo hewani, 35=0, yanakula namba. Mkikubaliana 108=30, yaani pigo kila sekunde 30, basi siku ya saa nane isiyo na biashara hata moja inakula namba 960 kila upande. Ndiyo maana mtu anashangaa: "Mbona tumetuma oda kumi na namba ni elfu moja?" Hakuna mchawi. Ni mapigo.

Sasa tuje kwenye kurudi hewani. Hapa kuna kanuni moja ambayo haina usawa, na watu wanaikosea kwa sababu wanaitafutia usawa. Namba ikija kubwa kuliko uliyoisubiri, hilo ni pengo, nalo linazibika. Namba ikija ndogo bila alama ya marudio, 43=Y, hapo mtu amepoteza kumbukumbu, na mazungumzo yanakatwa.

Kwa nini? Rudini kwa mama. Anasubiri kikaratasi namba 8, kinaingia namba 11. Anajua 8, 9 na 10 ziko njiani au zimelowa ziwani. Anamwomba mtu wa Nansio amwandikie tena. Lakini akisubiri namba 8 ikaja namba 3, na si nakala? Ina maana mwenzake ameanza daftari jipya bila kumwambia. Je, hii 3 ndiyo ile 3 aliyokwisha kuilipia, au ni mzigo mwingine? Hawezi kujua. Anaacha kila kitu na kupiga simu.

Tuione kwa namba zetu. Mstari umerudi. Unatuma 35=A yenye 34=416. Soko lilikuwa linasubiri 412, kwa sababu jumbe zako nne za mwisho ziliingia kwenye waya uliokwisha kufa. Soko halikufukuzi. Linajibu kwanza kwa 35=A yake, ikiwa na 34=874, kisha linatuma ombi la kurudiwa: 35=2, 7=412, 16=0. Saba ndiko kuanzia, kumi na sita ndiko kuishia, na sifuri maana yake "mpaka ulipofika". Wewe nawe ulikuwa unasubiri 868 na umepewa 874, basi unatuma la kwako: 35=2, 7=868, 16=0. Kila mmoja anamjibu mwenzake hata kama yeye mwenyewe bado ana pengo. Ukikataa kumjibu mpaka pengo lako lizibwe, naye akakataa vilevile, mtakaa mkiangaliana kama wakwe.

Jamani, mkipokea 35=A msianze kumimina oda. Tuma kwanza ujumbe wa majaribio, 35=1, wenye neno lolote kwenye tegi 112, na usubiri pigo linalorudisha neno lilelile. Likirudi, na kila ombi la kurudiwa limeshajibiwa, ndipo fungua bomba.

Na namba ikiwa ndogo? Seva imewashwa upya, faili limepotea, unaingia na 34=1. Soko linasubiri 2419. Unapata 35=5, na tegi 58 inakuambia kwa maandishi: namba ni ndogo mno, nilitarajia 2419, nimepokea 1. Mstari unakatwa. Programu yako, kwa bidii yake, inajaribu tena baada ya sekunde 30. Na tena. Kila jaribio linakula namba moja, wakati mwingine mbili, kwa hiyo ukiiacha itapanda yenyewe mpaka 2419. Kuna wanaofurahia hili: "Usiguse, itafika." Piga hesabu. Namba moja kila sekunde 30, majaribio 2418: ni zaidi ya saa 20. Soko limefunga, limelala, limefungua tena, na wewe bado unabisha hodi.

Kinachofanyika ni hiki. Zima programu kwanza, kwa sababu inashika namba kwenye kumbukumbu yake, na ukihariri faili ikiwa hai itakuandikia juu. Nakili faili lilivyo. Kisha, sikilizeni vizuri, namba ya kutoka ipandishe mpaka ile uliyotajiwa kwenye tegi 58, au uizidishe kidogo. Ukiizidisha hakuna ubaya: soko litaona pengo, litaomba, wewe utalijaza. Namba ya kuingia usiipandishe. Usiipandishe! Iache chini, hata 1, ili wewe ndiye uone pengo na uombe ujumbe wote wa siku. Utaletewa upya ukiwa na 43=Y, na programu yako iwe na adabu ya kuangalia tegi 17, kitambulisho cha utekelezaji, isihesabu biashara moja mara mbili. Kama ni ujumbe maelfu, omba kwa mafungu, kwa mfano 7=1 hadi 16=2500, halafu fungu linalofuata. Wapo wanaokataa maombi makubwa.

Sasa lile rungu. Wangapi hapa wana ResetOnLogon=Y kwenye mipangilio yao? Nyoosheni mikono, hatupigi mtu picha. Naona wengi. Nilitarajia.

Mpangilio huo unafanya kila ujumbe wa kuingia ubebe 141=Y na 34=1. Mwenzako akikubali, anajibu 35=A, 34=1, 141=Y, na namba zote nne zinarudi mwanzo. Hakuna pengo, hakuna ombi, hakuna kelele. Unaunganika mara ya kwanza, kila mara. Ndiyo maana unapendwa! Vijana wanaita "kuriseti". Mimi naomba mlikumbuke neno la jirani yake, risiti, kwa sababu hicho ndicho kinachochanwa.

Tazameni. Saa 4:14 asubuhi una oda ya kununua hisa 5,000 iko sokoni. Mstari unakatika. Ukiwa nje, oda yako inapata hisa 3,000, na soko linaandika taarifa ya utekelezaji, ujumbe namba 870. Haikufikii. Saa 4:17 unarudi. Ukirudi na 416, utaomba kuanzia 868, na 870 italetwa. Ukirudi na 141=Y, unasubiri 1 na unapewa 1. Ile 870 ipo wapi? Imebaki kwenye daftari lililofungwa, na hakuna ombi unaloweza kuliandika likaifikia. Skrini yako inasema hisa 5,000 bado zinasubiri. Mteja anapiga simu kufuta, unatuma ombi la kufuta, unapata majibu usiyoyaelewa. Au mbaya zaidi, mtu ananunua 5,000 kwingine, na jioni mteja ana 8,000 ambazo hakuziomba.

Mama wa Kirumba angefanya hivyo? Boti limechelewa, ziwa limechafuka, yeye achane daftari lote na kumwambia mtu wa Nansio "tuanze moja"? Na mizigo mitatu iliyoko majini ni ya nani?

Wengine watasema: soko letu linafuta oda zote mstari unapokatika, kwa hiyo hatuna wasiwasi. Masoko mengi yana huduma hiyo, ni kweli. Lakini taarifa ya kufutwa nayo ni ujumbe, nayo ina namba, nayo imo ndani ya pengo. Na kati ya kukatika na kufutwa kuna sekunde, na ndani ya sekunde hisa hununuliwa.

Basi kama umelazimika, mwenzako amepoteza kumbukumbu zake na mmekubaliana kwa simu kuanza 1, fanya kazi ya ziada kabla ya kutuma oda mpya. Kwa kila oda iliyokuwa wazi, uliza hali yake kwa 35=H. Kwenye matoleo kuanzia 4.3 unaweza kuuliza zote kwa pamoja kwa 35=AF, kama soko linaipokea. Linganisha na ulichonacho, oda kwa oda. Na ukiona 141=Y inakuja kutoka kwa mwenzako bila mazungumzo, programu yako ipige king'ora. Isikubali kimyakimya.

Nilisema pengo linajazwa. Nakaa hapa kidogo, kwa sababu kazi hii ndiyo inayovunja programu nyingi zilizoandikwa nyumbani.

Soko limeomba kuanzia 412. Unafungua ghala lako la ujumbe uliokwisha kutuma: 412 ni pigo, 413 ni pigo, 414 ni oda mpya, 415 ni pigo, na 416 ni ule ujumbe wa kuingia uliotuma sasa hivi. Mapigo na ujumbe wa kuingia harudiwi nao mtu. Nani anataka pigo la moyo la dakika tano zilizopita? Unatuma ujumbe wa kujaza, 35=4, wenye 34=412, 43=Y, 123=Y na 36=414. Maana yake: kuanzia 412 hakuna cha maana, ujao ni 414. Kisha oda yenyewe, 34=414, 43=Y, na saa yake ya kwanza kwenye tegi 122. Kisha tena 35=4, 34=415, 43=Y, 123=Y, 36=417. Pengo limefungwa, ujumbe wako mpya utakuwa 417.

Kosa liko wapi kwa kawaida? Kwenye 34. Mtu anatuma ule ujumbe wa kujaza na namba yake ya sasa, 34=417, badala ya 412. Soko linaona namba kubwa kuliko linayoisubiri, linaomba tena kutoka 412. Unajibu vilevile. Linaomba tena. Nyote wawili mnafuata sheria, na kumbukumbu za diski zinajaa mpaka seva inalala. Weka kikomo: ombi lilelile likirudi mara tatu, simama, mwite mtu.

Sasa ile oda ya 414. Je, uirudishe? Wenye biashara ya mabondo ya samaki mtanielewa haraka. Umeandika kikaratasi asubuhi, "nunua kwa bei hii". Kimechelewa. Saa 6 mchana bei imekuwa nyingine, kikaratasi kinafika, kinatekelezwa. Nani analipa tofauti? Oda iliyokawia si oda tena, ni kesi. Mimi nashauri iwe hivi kwa chaguo-msingi: oda mpya isirudiwe. Jaza kuanzia 412 moja kwa moja hadi 36=417, na umwambie mfanyabiashara kwa herufi kubwa kwamba oda yake haikufika, aamue mwenyewe.

Kuna ndugu yake mwenye hasira, 35=4 yenye 123=N. Huyu haangalii hata 34. Anasema tu "kuanzia sasa subiri namba hii". Huruhusiwi kumtumia kurudisha namba nyuma, ni mbele tu, na kila alichokiruka kimepotea. Ni wa siku ya maafa. Tumpite.

Twende kwenye saa, maana nilisema namba 1 ina saa yake. Kwa kawaida ni mara moja kwa siku, au mara moja kwa wiki, soko likiwa limefungwa na hakuna oda iliyo njiani. Pande zote mbili zinaaga, zinafunga daftari, zinaanza 1. Hakuna anayedaiwa. Rahisi?

Rahisi, mpaka uulize "saa ngapi?" Sisi tuna saa zetu. Ukiandika "saa 4" kwenye karatasi ya zamu, aliyesoma kwa Kiingereza anaweka 04:00, na wewe ulimaanisha 10:00. Karatasi ya zamu iandikwe kwa saa za UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, basi. QuickFIX ya C++ nayo inahesabu StartTime na EndTime kwa UTC usipoiambia vingine, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Saa 6 kamili usiku ya UTC, hapa Mwanza ni saa 9 usiku.

Halafu kuna wenye kuhamisha saa. Sisi hatuhamishi, Marekani wanahamisha, Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Madalali wengi wa fedha za kigeni hufunga siku saa 11 jioni ya New York. Wakati wa kiangazi chao hiyo ni 21:00 ya UTC, kwetu saa 6 usiku. Wakati wa baridi ni 22:00 ya UTC, kwetu saa 7 usiku. Aliyeandika 21:00 mwezi Julai akasahau, Novemba anaanza 1 saa nzima kabla ya mwenzake, na anafukuzwa kwa namba ndogo. Aliyeandika 22:00 mwezi Januari, Machi ndiye anayemfukuza mwenzake.

Hilo peke yake ni kero tu. Hatari inakuja kwa mtu wa zamu aliyeamshwa. Anaona kwenye kumbukumbu: tulitarajia 6110, tumepokea 1. Anarekebisha namba ya kuingia iwe 1, anarudi kulala. Namba ya kutoka ameiacha, 5203. Soko, lenye daftari jipya, linaona 5203 likiwa linasubiri 1. Linaomba 7=1, 16=0. Na ghala lako, ambalo halikufungwa, linatoa oda zote za jana, moja baada ya nyingine. Mnaiona? Programu ikatae kabisa kurudisha oda ya siku ya sesheni iliyopita. Na anayegusa namba moja aeleze kwa maandishi kwa nini hakugusa ya pili.

Dakika zimeisha, kwa hiyo mambo ya diski nayapita mbio. Namba iandikwe kwenye diski kabla ujumbe haujatoka. Kama programu inaendeshwa ndani ya kontena, FileStorePath isielekee ndani ya kontena yenyewe, maana ikianzishwa upya faili linakwenda nayo, na hapo ndipo zile 34=1 za asubuhi zinapozaliwa. Kama una seva ya akiba, isome namba kutoka ghala moja na ile kuu; RefreshOnLogon=Y inaifanya isome upya kabla ya kuingia. Makarani wawili wenye vitabu viwili vya risiti kwa duka moja, mnajua mwisho wake.

Mkirudi kazini Jumatatu, kwenye mazingira ya majaribio tu, fanyeni hivi. Tuma oda, chomoa waya, tekeleza nusu ya oda upande wa pili, rudisha waya, uone kama nusu hiyo inaingia. Ua programu kwa kill -9 katikati ya mapigo. Futa faili la namba. Sogeza saa ya upande wa pili kwa saa moja. Kisha weka ResetOnLogon=Y na urudie lile la kwanza, uitazame ile taarifa isivyokuja.

Waliotaka kuuliza kuhusu tegi 789, ile ya toleo 4.4 inayotaja kwenye ujumbe wa kuingia namba unayoisubiri ili mwenzako aanze kurudisha bila kuombwa: inafaa, lakini pande zote mbili lazima ziwashe. Tukutane kwenye meza ya dirishani, nimewaandalia kumbukumbu za mazungumzo mawili, moja nzima na moja yenye 34 iliyokosewa. Atakayeiona kwanza tunamnunulia sato.